Gia boksi ya pili yaanza kutetemeka, nibaki na modeli hii ama tuachane?

mwana_wa_tudor

Salaam alaikum jamaa, poleni na shughuli. Naomba mawazo yenu kwa jambo ambalo kwetu limekuwa mjadala kila tukikaa kwa chai ya jioni.

Sisi nyumbani ni watu wa modeli moja. Mzee alikuwa na ile ya zamani ya umbo la boksi, kakangu akaja akanunua iliyofuata, na mimi nikachukua hii ya juzi juzi, eksi Japani, kutoka yadi hapa hapa mjini. Jina la kampuni silitaji manake najua hapa patageuka timu hii na timu ile na mimi nataka msaada. Ni stesheni wagoni ya 1500 cc na gia boksi ni CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua hatua.

Ya mzee wallahi ilikuwa haina tabu. Imeenda Malindi, imeenda Lunga Lunga, imebeba simiti, imebeba bi harusi, na gia boksi haikufunguliwa mpaka siku ya kuuzwa, na aliyeinunua bado twamuona nayo Majengo. Ndio maana mimi sikutazama gari nyingine.

Sasa hii yangu ilianza na mtetemo ukitoka polepole kwa foleni, hasa mchana, asubuhi hakuna kitu. Ikaja ikawa ukipanda Mazeras kuelekea Mariakani wakanyaga mafuta injini yalia tu gari haiendi, malori yaliyobeba kontena yanakupita, ukiiweka kando ikapoa yaenda tena kama haikuwa na ugonjwa. Mashini ya kupima ikasoma kodi za hitilafu (namba za makosa) za gia boksi. Gereji niliyopeleka wakaniambia dawa ni kubadilisha, nikaletewa ya mtumba ya eksi Japani, laki na zaidi pamoja na kazi, ikatulia nikamshukuru Mungu. Haijamaliza hata mwaka na ule mtetemo umerudi, vile vile, mchana kwa joto.

Mke wangu asema tuuze sasa kabla haijatuangusha kabisa. Kakangu asema modeli haina makosa, ni bahati ya hii moja. Mimi roho yaniuma kusema kweli, hii gari kwetu ni kama mtu wa nyumbani, lakini pia nina watoto wa skuli na sitaki kukwama nao Kibarani jua kali. Mwenye kujua anieleze, nikae ama nihame?

dereva_likoni

Pole kakangu. Mimi naendesha teksi na nimepitia aina nyingi, nakwambia usiuze kwa hasira. Modeli ukiijua sauti zake ni mali, wajua ikilia hivi ni bushi na ikigonga vile ni injini maunti, ukihamia gari nyingine waanza kusoma upya na fundi pia aanza kusoma upya kwa pesa zako. Tena sasa kuagiza sio kama zamani, ushuru wa forodha ulipopanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023 kila kitu kikapanda nyuma yake, hata zile zilizokuwa zishaingia kitambo kwa yadi zikapanda. Ile pesa ya tofauti yaweza kutengeneza hiyo gari yako mpaka ikawa safi.

mama_keki_bamburi

Mimi nitasema kinyume na dereva hapo juu na asinichukie. Nilikuwa na gari ninayoipenda sana, napeleka keki za harusi kuanzia Mtwapa mpaka Ukunda, na ikaanza vituko kama vya ndugu yetu hapa. Tatizo kwangu halikuwa hata gharama, ilikuwa imani imeondoka. Nikipata oda ya Diani siku ya Ijumaa naanza kuwaza foleni ya feri tangu Jumatano, nazima ac ili gari isichoke na keki huko nyuma yaanza kulegea krimu. Ukifika hapo wewe na gari hamko pamoja tena.

Nikauza, nikamueleza mnunuzi ukweli wote na bei ikashuka, sawa, nikachukua gari ndogo ya kampuni nyingine yenye otomatiki ya kawaida ya gia nne. Si nzuri kama ile. Mbio haina, ndani ni plastiki tupu. Lakini spea zake nikienda Mwembe Tayari napata mpya, napata mtumba, na kila fundi aijua. Sikiliza mkeo ndugu yangu, yeye ndiye huwa na watoto ndani wewe ukiwa kazini.

shehe_kizingo

Ndugu yangu wa Tudor, naomba nikuulize kitu na usikasirike. Uaminifu wako huo ni kwa nani hasa?

Kampuni huko Japani haikujui. Gari hii iliuzwa mpya kwa mtu mwingine, yeye ndiye aliyewalipa, akaendesha akaiuza, ikapita mnadani, ikapandishwa meli, ikashuka hapa Kilindini, yadi wakaweka faida yao wakakupa wewe. Waranti iliisha ikiwa huko. Kuna mfano wa wazi kabisa, na sisemi yako ni ya hao: Nissan huko Marekani waliongeza waranti ya gia boksi za CVT kwa magari yao ya 2003 mpaka 2010, wakaifikisha miaka 10 ama maili 120,000, kwa sababu malalamiko yalikuwa mengi. Wewe wa Mombasa mwenye gari ya mtumba hilo halikuhusu hata kidogo. Kwa hivyo usijione kama una deni na jina lililoko kwa boneti.

Na usidhani kuna jina lililo salama milele. Toyota wenyewe mwaka 2009 na 2010 walirudisha mamilioni ya magari kwa mambo ya pedali ya mafuta na mazulia ya chini. Airbegi mbovu za kampuni ya Takata ziligusa karibu kampuni zote kubwa za magari, mpaka Takata wenyewe wakafilisika 2017. Na hapo nina nasaha kwa wote: gari za eksi Japani nyingine zaja na ricoli, yaani wito wa kampuni wa kurudisha gari itengenezwe kasoro, ambayo haijafanywa, na kampuni kadhaa za Japani zina ukurasa ambao waandika namba ya chesisi wakwambia kama kuna kitu kimebaki. Ya airbegi msiichukulie mzaha, inaua.

Sasa kwa swali lako. Gari ya mzee na gari yako zimegawana jina tu. Ya mzee ilikuwa na otomatiki ya zamani yenye gia zake na klachi zake ndani. Yako ni mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Hao ni watu wawili tofauti wa kabila moja. Kwa hivyo wewe ukisema twaipenda modeli hii tangu enzi za mzee, mnayoipenda haitengenezwi tena. Ukitaka kuifuata tabia ya gari ya mzee, tafuta injini na gia zinazofanana na zile hata kama zimevaa jina la jirani.

Kisichobadilika ni spea ziko mji huu ama haziko, na kuna fundi anayeijua ama hakuna. Hapo ndipo mimi huweka uaminifu wangu.

fundi_jomvu

Salaam kwa wote. Mnabishana kuuza na kutouza na mgonjwa hajapimwa. Mimi ni fundi, nina maswali kwanza mzee wangu.

Gia boksi ilipobadilishwa, redieta ilibadilishwa? Paipu za oili zilisafishwa? Kompyuta ilisomeshwa upya? Na redieta ndani yake mnatia nini?

Nauliza kwa sababu hii yako ya kuuma kwa joto na kupona ikipoa hatuioni mara moja wala mbili hapa pwani. Oili ya CVT yapozwa na maji ya injini. Gari nyingine kipoza oili kiko ndani ya redieta kule chini, nyingine kimefungwa ubavuni mwa gia boksi yenyewe, lakini kazi ni moja, maji ya redieta ndiyo yaondoa joto la oili. Sasa njoo kwetu. Mji huu maji ya mfereji ni ya kubahatisha, visima vingi ni chumvi, na kijana wa gereji akiona redieta imepungua achukua kopo atia maji ya kisima. Ile chumvi yajenga ndani ya njia nyembamba za redieta, alumini yaliwa, njia zaziba kidogo kidogo. Injini yaweza kuvumilia, lakini gia boksi haivumilii, oili yapika, mkanda waanza kuteleza, kompyuta yaona joto yapunguza nguvu ili isiunguze kila kitu. Ndio hapo Mazeras lori lakupita.

Halafu kuna feni. Hewa ya chumvi yala mota ya feni mpaka yaganda, na gari hizi za sasa nyingi hazina mshale wa joto kwa dashibodi, ziko na taa tu, ya buluu ikiwa baridi na nyekundu ikiwa mambo yashaharibika. Kati ya hizo mbili hujui kitu. Waweza kukaa foleni ya feri na ac imewaka na feni moja imekufa na hujui.

Kama waliweka gia boksi nyingine juu ya redieta ile ile na paipu zile zile, basi unga wa chuma wa gia boksi ya kwanza umeingia kwa ya pili. Na nyingi ya hizi CVT ukibadilisha lazima kompyuta ipewe vipimo vya gia boksi mpya, kila moja ina vyake, usipofanya hivyo presha ya oili haiwi sawa. Gereji nyingi zafunga tu gari ikienda wanakupa funguo.

Fungua kifuniko cha redieta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Tia kidole uzunguke chini ya kifuniko. Utuambie umeona nini.

dereva_likoni

Fundi hapo umegusa pale pale. Na oili pia, naona watu watia ATF, ile oili ya otomatiki ya kawaida, kwa CVT kwa sababu ni bei rahisi.

fundi_jomvu

Kabisa. Oili ya CVT ni yake peke yake, tena ya kampuni iliyotajwa kwa gari hiyo. ATF ya kawaida yafanya mkanda uteleze. Na wale wanaosema oili ya gia boksi haibadilishwi maisha yote ya gari, mimi kwa joto letu na foleni zetu naibadilisha kila kilomita 40,000.

mwana_wa_tudor

Fundi Mungu akuzidishie. Nimefungua leo baada ya alfajiri. Maji ni ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, si kijani wala pinki. Chini ya kifuniko kuna kitu cheupe kigumu kama kile kinachobaki kwa sufuria ya kuchemshia maji ya kisima, na mdomo wa redieta una kutu, kidole kimetoka chekundu. Nimewasha injini na ac nikakaa mbele, feni ya upande wa dereva yazunguka, ya pili imesimama kimya, nimeisukuma kwa kijiti injini ikiwa imezimwa haiendi.

Nimepigia gereji ile nikauliza kuhusu redieta na paipu. Wameniambia hawakuzigusa kwa sababu hazikuwa zavuja. Kompyuta, amesema gari ilikuwa yaenda vizuri kwa hivyo hawakuona haja. Nimeishiwa na maneno, pesa yote ile.

mama_keki_bamburi

Subhanallah. Sasa hapo mimi pia narudi nyuma kidogo, manake hata ukinunua nyingine ukaipeleka gereji ile ile mambo ni yale yale. Lakini fundi tuambie ukweli, gia boksi hiyo itapona ama ishaliwa? Asije akamwaga pesa nyingine.

fundi_jomvu

Dada swali zuri, na jibu liko kwa trei ya chini ya gia boksi. Ndani yake mna sumaku. Ikiwa sumaku ina unga laini wa kijivu kama majivu, hiyo ni kawaida, kuna matumaini. Ikiwa kuna vipande vinavyong'aa ama nyuzi za chuma, mkanda na puli zimeshakwaruzana, hapo oili mpya haisaidii. Na ikiwa oili imegeuka kama maziwa ya strobari, maji yameingia, hiyo usiiendeshe hata mpaka Changamwe.

Ikiwa ni majivu: redieta mpya, si ya mtumba, feni, themostati, kulanti iliyochanganywa tayari, na kama huna tia kulanti nzito isiyochanganywa pamoja na maji safi ya bateri (distilled, si asidi), kisima hapana. Paipu zisafishwe, oili sahihi, filta, kompyuta isomeshwe. Uendeshe miezi miwili ya Kaskazi, ile joto ya Januari na Februari ndiyo mtihani wenyewe.

shehe_kizingo

Na ikiwa ni vipande? Ushauri wangu hapo asinunue gia boksi ya tatu. Aiuze kwa mtu anayejua anachonunua, amuonyeshe na trei, kisha atafute gari yenye otomatiki ya kawaida ama manyuali. Kwa sheria yetu ya miaka 8 gari zinazoingia sasa nyingi ni CVT, kwa hivyo za gia za kawaida itabidi azitafute kwa zile zilizokuwa zikiendeshwa hapa hapa nchini, na hapo aende na fundi kabla ya kutoa hata shilingi ya dipoziti.

mwana_wa_tudor

Nimewaelewa. Nimekaa na mke wangu tumekubaliana hivi: trei ifunguliwe wiki hii, majivu twatengeneza na twakaa nayo mpaka Kaskazi ipite, vipande twauza, na nyumbani nimeshasema gari ijayo sitaangalia jina kwanza. Kakangu hajafurahi lakini na yake ataileta ipimwe redieta, nimeifungua kifuniko naona ni chai hiyo hiyo.

Fundi, oili ikimwagwa niitupe ama waitaka?

fundi_jomvu

Usitupe. Kusanya kwa chupa safi ya maji, nyeupe, isiwe na rangi, na sumaku usizipanguse, zifunge kwa karatasi vile zilivyotoka. Lete zote mbili na kifuniko cha zamani cha redieta. Na mwambie kakako aje na injini ikiwa baridi.