Soba hausi inayopokea mama na mtoto ipo?

binti_mbagala: Habarini wakuu. Mdogo wangu anatumia unga (heroini) mwaka wa nne huu, ana mtoto wa miezi saba bado ananyonya. Mwenyewe kasema kachoka anataka kuacha, tukampeleka soba hausi moja hapa Dar, zile nyumba za kukaa waraibu wanaoacha, wakasema aingie peke yake mtoto abaki nyumbani, tena mle ndani wamejaa wanaume watupu. Kagoma katakata, kamfunga mtoto mgongoni katoka zake. Na bimkubwa ana presha, mtoto hamuwezi. Kuna sehemu wanapokea wote wawili?

kipepeo77: Pole dada. Ya kulala na mtoto hapa Dar siijui. Ila kwani lazima alale? Mpeleke methadoni, ile dawa ya kunywa wanayopewa badala ya unga, Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala na Temeke nako ipo, ni bure. Kila siku anaenda dirishani anakunywa dozi yake mbele ya nesi anarudi kulala kwake na mwanae. Soba hausi nyingi ni kuacha kavukavu bila dawa, arosto ile ya kukosa unga na mtoto analia pembeni nani ataweza

mzee_kijiwe: Hiyo methadoni si inaingia kwenye maziwa? Mnamlevya mtoto sasa

nesi_wa_zamu: Inaingia kidogo sana mzee wangu. Akishatulia kwenye dozi na hachanganyi na unga wala pombe anaruhusiwa kunyonyesha, ila aseme mapema kama ananyonyesha, na akitaka kumwachisha ziwa afanye taratibu asikate ghafla. Mtoto akilala kupita kiasi au akihema kwa shida kimbia hospitali usisubiri asubuhi. Na zile wiki za mwanzo wakiwa wanampandisha dozi mama anasinzia sana, asilale kitanda kimoja na mtoto, hili watu wanalipuuza.

mswahili_uk: Huku Uingereza zipo, Plymouth kuna Trevi, mama anaingia na watoto wake anatibiwa huku analea humo humo. Wakina mama wengi wanaogopa kujitokeza maana wanajua watanyang'anywa watoto, sasa ukimwambia njoo nae hofu inapungua kidogo. Kwetu tunajenga za wanaume tu halafu tunashangaa wanawake hawaji

binti_mbagala: Asanteni sana. Temeke ndo karibu, kesho naenda nae. Kadi ya kliniki ya mtoto tubebe?

nesi_wa_zamu: Bebeni. Na wewe ingia nae ndani, usimwache mlangoni.