Mchapishaji ananidai faili la Finale, programu ya kuandikia nota isiyouzwa tena!

Wakuu, watunzi na walimu wa kwaya wenzangu, hili limenifika hapa kooni.

Nimetunga misa ya sauti nne, kurasa 34. Nota nimeziandika kwa MuseScore kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu inaimudu. Mchapishaji akaipokea, akaisifu, halafu akasema nimtumie faili la Finale. Nikamweleza kwa adabu kwamba MakeMusic, watengenezaji wenyewe, walitangaza kuisitisha Finale tarehe 26 Agosti 2024, hakuna pa kuinunua. Jibu lake: "Huo ndio utaratibu wetu."

Sawa. Nikaitoa kazi kwa MusicXML, aina ya faili la kuhamishia nota kutoka programu moja hadi nyingine, wao wakaifungulia kwenye Finale yao. Juzi wamenirudishia kurasa za kusahihisha, nikataka kulia. Ubeti wa tatu umelalia mistari ya besi. Palipoandikwa "sifa na utukufu", mimi niliziweka "na" na "u" chini ya nota moja, kama tunavyoimba. Kwao "u" imerukia nota inayofuata, na kuanzia hapo maneno yote ya sauti ya tena (tenor) yamesogea nota moja mbele hadi mwisho wa mstari. Kwaya ikiimba vile itakuwa vurugu.

MusicXML silaumu. Inabeba sauti, urefu wa nota na maneno, lakini mwonekano wa ukurasa kila programu huupanga kivyake. Ndiyo maana lazima mtu akae alinganishe na PDF niliyoiambatanisha tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeifungua! Sasa wanataka mimi nirekebishe, na gharama ya kupanga upya nilipe mimi. Kwa kosa gani?

Na hazina yao je? Wana nyimbo za miaka na miaka zimekaa kwenye mafaili ya .mus na .musx, ya programu ambayo haipati masasisho tena. Wangeanza leo kuzitoa zote kwa MusicXML, kabla kompyuta inayozifungua haijafa. Humo mna kazi za wazee waliokwisha kufariki.

Mimi nimewaandikia tena: wachape kutoka PDF yenye fonti zote ndani, na MusicXML waihifadhi. Wiki ya pili hii, kimya.

Kuna mwenye mchapishaji anayepokea PDF ya mtunzi bila kuigusa? Nielekezeni, misa hii naihitaji kabla ya Pasaka.