Tupeane uzoefu: Taa za LED za miguuni kwenye gari, moto uliuchukua wapi?

Mwendo Pole:
Wadau, salaam. Nataka kuweka taa za LED chini ya dashibodi, kwa dereva na kwa abiria, zimulike miguuni mlango ukifunguliwa na zizime zenyewe. Kubandika mkanda wa LED sina wasiwasi nako. Ninachotaka kusikia kwenu ni habari ya umeme: moto uliuchukua wapi, na gari ilikuwaje baada ya hapo? Video nyingi nilizoangalia zinaishia pale taa inapowaka, mwenyewe anashangilia, basi. Harudi baada ya miezi kadhaa kutuambia betri inaendeleaje. Leteni yaliyowakuta, mazuri kwa mabaya.

Soketi Tu:
Mimi nipo kundi la wavivu na sijutii. Nilichukua seti ya mikanda minne yenye rimoti, plagi yake inaingia kwenye soketi ya kuwashia sigara. Nyaya nikazipitisha chini ya kapeti, sikukata waya hata mmoja wa gari. Mlango ukifunguliwa taa haziwaki zenyewe, nabonyeza rimoti. Hilo nimelikubali.

Angalizo: kabla hujachomeka, toa ufunguo, subiri kidogo, halafu pima soketi. Yangu inakufa ufunguo ukitoka. Ya shemeji yangu ina moto saa zote. Yeye alikuwa anazima taa kwa rimoti akidhani biashara imekwisha, kumbe kile kiboksi kinachopokea rimoti kinabaki macho kikisubiri amri. Kinakula kidogo, lakini kinakula usiku na mchana, na gari yake inaweza kukaa muda mrefu bila kutembea. Betri ilikuwa imechoka tayari, ikamalizikia hapo. Siku hizi akishuka anachomoa.

Fundi Ampea:
Mkuu Mwendo Pole, umeuliza swali lenyewe. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, kwa hiyo taa hizi nazijua zaidi zikiletwa zimeshaleta balaa.

Kuna gari ililetwa kwangu, mwenyewe ameinunua ikiwa tayari na taa za miguuni. Malalamiko yake: milango yote ikifungwa, taa zinawaka. Ukifungua mlango, zinazima. Alishabadilishiwa swichi za milango na fundi mwingine, hali ikabaki vilevile. Watu wakamwambia gari ina mdudu.

Haikuwa na mdudu. Kwenye magari mengi, hasa ya Kijapani ya miaka ya nyuma, taa ya paani ina moto saa zote, na kinachokatwa ni upande wa hasi. Swichi ya mlango haipeleki moto, inapeleka bodi, yaani chuma cha gari ambacho ndicho hasi. Sasa chukua ule waya unaotoka kwenye taa kwenda kwenye swichi ya mlango, upime dhidi ya bodi mlango ukiwa umefungwa: multimita itakuonyesha volti 12, kwa sababu moto umepita ndani ya balbu ukafika pale ukakosa pa kwenda. Aliyefunga taa zile alipima, akaona 12, akaamini amepata moto. Akaweka chanya ya mkanda hapo, hasi akaipeleka kwenye bodi. Matokeo yake, mlango ukifungwa umeme unapita kwenye balbu unaingia kwenye mkanda. Balbu haiwaki kwa kuwa mkondo ni mdogo, lakini LED zinatosheka nao. Mlango ukifunguliwa waya ule unagusa bodi, volti zinakuwa sifuri, mkanda unazima. Yaani gari ilipolala nje imefungwa, ndipo taa zilipofanya kazi usiku kucha.

Nilichofanya ni kugeuza tu. Chanya ya mkanda ikaenda kwenye moto wa kudumu wa taa ileile, kupitia fyuzi. Hasi ikaenda kwenye waya wa swichi ya mlango. Swichi mpya alizonunuliwa hazikuwa na lawama yoyote, masikini.

Kwa hiyo ukipima, pima mara mbili, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Waya unaosoma 12 mlango ukifungwa na sifuri ukifunguliwa ndio wa swichi. Unaosoma 12 hali zote mbili ndio moto wa kudumu.

Hesabu ya ulaji sasa, maana watu husema "LED haili umeme" kama vile ni mawe. Mkanda wa LED kubwa zile za 5050, zikiwa 60 kwa mita, unakula takriban wati 14.4 kwa mita, ambayo ni ampea 1.2. Ule wa LED ndogo za 3528, 60 kwa mita, ni wati 4.8, ampea 0.4. Nusu ampea ikiachwa usiku na mchana inachota ampea-saa 12 kila siku. Betri ya ampea-saa 45 haimalizi siku ya nne, na stata itagoma mapema zaidi. Gari nyingi zikilala vizuri hazizidi miliampea 50.

Kwa miguuni, ule mdogo unatosha na kubaki. Unataka kuona kiatu na ufunguo ulioanguka, hufanyi upasuaji.

La mwisho, na hili sitanii: ukiona plagi au mrija wa waya wa rangi ya njano chini ya dashibodi au chini ya kiti, ondoa mkono. Hiyo ni ya eabegi. Usipime, usichune, usichukue moto hapo. Na ile taa ya kupimia yenye balbu, ya sindano na klipu, iache kwa magari ya zamani. Balbu yake inavuta mkondo unaoweza kuua saketi ya kompyuta. Tumia multimita.

Mwendo Pole:
Fundi, ubarikiwe. Hapo kwenye waya wa swichi ningeingia kichwa kichwa. Sasa mwenye gari ya kisasa yenye kompyuta kila kona, mambo ni yaleyale?

Bi Rilei:
Si yaleyale, kaka. Gari yangu taa ya paani haizimi ghafla, inafifia polepole. Uzuri huo una gharama yake. Kompyuta ya bodi inafifisha taa kwa kukata na kuunganisha umeme kwa kasi, mara nyingi sana kwa sekunde. Balbu ya kawaida haioni tofauti kwa sababu waya wake unabaki na joto, LED inaona.

Nilianza na rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo, ili kompyuta isibebe mzigo wa mkanda. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi: koili ya rilei inawashwa na waya wa taa ya paani, pini namba 30 inapata moto wenye fyuzi, pini namba 87 inakwenda kwenye mkanda. Mlango ukifunguliwa, safi. Mlango ukifungwa, taa inapoanza kufifia, rilei inanguruma kama nyuki ndani ya chupa, kisha inakata. Ilikuwa inajaribu kufuata kila mkato wa kompyuta. Abiria wote wakauliza ni nini kile.

Nikaitoa. Nikafikiria upande mwingine: balbu ya paani niliyokuwa nayo ilikuwa ya wati 8, na nilishaibadilisha kuwa LED ya wati kama 1. Njia ile iliyojengwa kubeba wati 8 ilikuwa na nafasi kubwa imebaki. Kwa nini nihitaji rilei? Nikaunganisha nusu mita ya mkanda mdogo, jumla wati 2.4, moja kwa moja sambamba na taa ya paani, na fyuzi yake ya ampea 1. Inafifia pamoja na taa ya paani, utadhani imetoka kiwandani hivyo.

Ikabaki kero moja. Gari ikiwa imelala, LED zilibaki na mwanga hafifu mno, unauona gizani tu. Kompyuta inapitisha mkondo mdogo wa kuchunguza kama balbu ipo, na LED hutosheka na hata makombo. Niliweka rezista ya kilo-omu 1, nusu wati, sambamba na mkanda. Makombo yakapita kwenye rezista, taa ikafa kabisa.

Jambo jingine kwa wenye gari za namna hii: ukipima ulaji wa betri baada ya kufunga, usisome multimita papo hapo. Kompyuta zinachukua muda kulala baada ya kufunga milango, na ukifungua mlango kwenda kuangalia umeziamsha tena.

Fundi Ampea:
Dada Bi Rilei, hilo la kutumia nafasi iliyoachwa na balbu ni la akili. Nitaliiba.

Tairi Kumi:
Sisi wa malori tunasahaulika. Lori ni volti 24, mkanda wa volti 12 ukiugusisha hapo unawaka vizuri mno kwa muda mfupi, halafu unanuka.

Dereva mwenzangu alipewa ushauri kwamba betri si zipo mbili, chukua moto kwenye moja, utapata 12 yako. Ni kweli unapata. Lakini betri zile zimeungwa kwa mfuatano na zinachajiwa kama kitu kimoja. Ukiwa unachota kwenye moja tu kila siku, hiyo inabaki na njaa na ile nyingine inazidishiwa chaji. Betri moja ilikufa kabla ya mwenzake, zikabidi zibadilishwe zote mbili.

Nunua mkanda wa volti 24, upo. Au weka kigeuzi cha kushusha 24 kuwa 12. Wa 24 hukatwa kwa vipande virefu kidogo kuliko wa 12, kwa hiyo angalia alama ya mkasi kabla ya kupima urefu.

Bluu Bahari:
Mbona hakuna anayezungumzia rangi? Yangu ni bluu, inapendeza kuliko zote. Naiacha ikiwaka hata nikiendesha.

Usiku Mwekundu:
Bluu ukiwa unaendesha? Pole kwa macho yako. Jicho likizoea giza linategemea seli ambazo karibu haziuoni mwanga mwekundu, ila bluu zinaiona sana. Ndiyo maana vyumba vya marubani na manowari vilitumia taa nyekundu miaka mingi. Mimi nina nyekundu iliyofifishwa, siioni mpaka niitafute.

Bluu Bahari:
Gari yangu si manowari.

Usiku Mwekundu:
Sawa, lakini kaa kiti cha dereva usiku, tazama kioo cha mbele na kioo cha pembeni. Ukiona vidoti vya LED vinajirudia kwenye kioo, dereva mwenzako wa mbele naye anaiona bluu yako kwenye kioo chake cha nyuma. Nchi nyingi bluu inayoonekana kutoka nje ni ya magari ya polisi na ya wagonjwa. Angalia sheria ya ulipo kabla hujasimamishwa.

Bluu Bahari:
Hilo la kioo nimelijaribu jana usiku. Lipo. Nimesukuma mkanda nyuma zaidi, umejificha juu ya kapeti ya ukuta wa injini, sasa mwanga unauona ila LED zenyewe huzioni. Rangi sibadilishi.

Nyaya Chache:
Nataka kusema kitu kuhusu gundi ambacho naona kila mtu amekipita. Gundi ya nyuma ya mkanda haikutengenezwa kwa ajili ya plastiki yenye mikwaruzo na vumbi iliyopikwa na jua mchana kutwa. Nilipanda gari ya rafiki, tukiwa tunateremka mlima, mkanda wa upande wake ukaachia ncha moja, ukaning'inia nyuma ya pedeli ya breki. Hakuna kilichotokea, alisimama taratibu akauchomoa wote akautupa kiti cha nyuma. Lakini tangu siku ile mimi siamini gundi pekee.

Yangu ipo ndani ya reli nyembamba ya alumini yenye kifuniko cheupe, reli imekazwa kwa skrubu kwenye plastiki ya chini ya dashibodi, baada ya kuchungulia nyuma kwamba skrubu haikuti waya. Kifuniko kimeua vidoti pia. Nyaya nimezifunga kwa vifungio vya plastiki kwenye vishikio vya gari vilivyopo, mbali na pedeli na mbali na mhimili wa usukani, ule unazunguka na utasokota chochote kinachougusa. Nikamaliza kwa kukanyaga pedeli zote mpaka mwisho na kuzungusha usukani kushoto na kulia huku mtu mwingine anamulika chini.

Anayetaka za nyuma, chini ya viti vya mbele, aache waya mrefu wa kutosha kiti kisogee mbele na nyuma. Na asisahau plagi za njano alizosema Fundi, nyingi zipo hapohapo.

Mwendo Pole:
Nimepima leo. Gari yangu ni ya mtindo ule wa zamani: waya mmoja unasoma 12.5 hali zote, mwingine unasoma 12.4 mlango ukifungwa na sifuri ukifunguliwa. Nitatumia vipande viwili vya sentimita 30 vya mkanda mdogo, na reli kama ya Nyaya Chache. Fundi, fyuzi niweke ya ngapi, na niiweke wapi?

Fundi Ampea:
Vipande hivyo viwili vinakula robo ampea. Weka fyuzi ya ampea 1, ikikosekana weka 2, usizidishe. Iweke karibu kabisa na pale unapochukua moto, si karibu na taa, kwa sababu inalinda waya, na waya usio na fyuzi nyuma yake ndio unaoungua ukichubuka. Hasi ya vipande vyote viwili kwenye waya wa swichi, usiipeleke kwenye bodi. Maungio yabane au yatie solda, halafu yavalishe mrija unaosinyaa kwa joto. Vile vibanio vya kutoboa waya achana navyo, vinakata nyuzi za ndani na baada ya muda kutu inaingia. Na kabla ya yote, chomoa hasi ya betri. Kama redio yako inadai namba ya siri ikikosa umeme, itafute kwanza.