Tupeane uzoefu: unyenyekevu unaishia wapi, kujidharau kunaanzia wapi?

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanisumbua. Kanisani kwetu ukimwomba mtu afungue ibada ya nyumbani kwa sala, kila mmoja anamsukumia mwenzake: "Mwambie mama mchungaji, mimi sijui kuomba." Mtu huyohuyo ukipita kwake alfajiri, anaomba mpaka majirani wanaamka. Upande wa pili wapo ndugu zetu ambao wakishika kipaza sauti hakirudi. Hao tunawasema sana. Wale wa kwanza tunawasifu kwa unyenyekevu, na mimi sina hakika kama wanastahili.

Paulo kwenye Warumi 12:3 anasema mtu "asinie makuu kupita ilivyompasa kunia, bali awe na nia ya kiasi". Kumbe kipo kinachompasa mtu kunia juu yake mwenyewe, siyo sifuri. Leteni visa vyenu. Mahubiri tuachieni Jumapili.

Sauti ya Pili, Moshi
Mimi ni mwanakwaya, KKKT (kanisa la Kilutheri). Tulikuwa tunajiandaa na mashindano, mwalimu akatafuta wa kuanzisha wimbo, wote wakanigeukia. Nikatoa ile ya siku zote: "Jamani, sauti yangu mbovu." Mwalimu akakunja karatasi ya solfa, akaniuliza mbele za watu: "Juzi nani alisema sauti ya tatu wameshuka?" Mimi. "Walikuwa wameshuka kweli?" Walikuwa wameshuka. "Basi masikio unayo, na sauti tunaisikia. Unamdanganya nani?" Kwaya nzima ikacheka, na wimbo nikauanzisha.

Ukweli ni kwamba sikuwa nawaza ubovu wa sauti. Nilikuwa nawaza watu watanionaje nikikosea.

Fundi Mwashi
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Kwenye uchaguzi wa jumuiya ndogondogo wakanipendekeza mweka hazina, na wamo humo walimu na mhasibu mstaafu. Mhasibu mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kunipendekeza. Nikasimama kukataa, nikawaza: hivi kwenye saiti nani anahesabu mifuko ya saruji, nondo, na posho za vibarua kila jioni? Ni mimi. Na hesabu haijawahi kupishana na stoo. Nikasema, "Nimekubali, ila mzee huyu anipitie daftari kila mwisho wa mwezi, maana mambo ya benki siyajui."

Ndivyo tunavyokwenda mpaka leo. Ninachokijua nakifanya, nisichokijua nauliza. Sioni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Kijana wa Mbagala
Nitaenda kinyume kidogo. Mimi nilikoabudu zamani tatizo halikuwa kujidharau. Kila ibada tulikuwa tunakiri: mimi ni kichwa si mkia, mimi ni bosi, mimi ni bilionea. Nilikuwa sina kazi. Natoka pale nimejaa, nikifika kituo cha daladala sina nauli. Nikiuliza, naambiwa imani yangu ndogo. Kumbukumbu la Torati 28 ukiisoma yote, hiyo ya kichwa na mkia imefungwa kwenye kuyasikiliza maagizo ya Bwana, lakini hicho kipande kilikuwa hakisomwi.

Kilichonipumzisha ni Luka 17:10: "Sisi tu watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Wengine neno hilo linawakandamiza, mimi lilinitua mzigo. Nikaanza kuuza maji na juisi bila kuona kwamba ninamtia Mungu aibu kwa kutokuwa bosi.

Mama Nyeri
Bwana asifiwe. Huku Kenya wacha niseme la akina mama, kwa sababu hilo neno unyenyekevu sisi tunarushiwa kama jiwe. Mimi ni karani katika ofisi ya wakili, kazi yangu ni hati za mashamba. Kanisa lilitaka kununua ploti, harambee imefanywa, pesa ziko. Kwenye kamati nikauliza kama kuna mtu ameenda ofisi ya ardhi kuhakiki hati. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, jifunze kunyenyekea, muuzaji ni mtu wa Mungu."

Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu ni rika la baba yangu: "Mzee, sibishani na wewe. Lakini hii ndiyo kazi ninayofanya kila siku, na bila kuhakiki mimi siweki sahihi." Nikakaa. Wakanung'unika, wakaenda. Ile ploti ilikuwa imewekwa rehani benki.

Hakuna aliyeniomba msamaha, na sikungojea. Ila tangu hapo naipenda Matendo 16, pale Filipi. Paulo na Sila wamepigwa bila kuhukumiwa, asubuhi wakubwa wanataka kuwatoa gerezani kimyakimya. Paulo anakataa: sisi ni Warumi, "na waje wenyewe wakatutoe". Usiku huohuo alikuwa akiimba miguu imefungwa kwenye mkatale. Sasa niambieni hapo Paulo alikosa unyenyekevu?

Mwanzisha mada
Mama Nyeri, hakukosa. Ni Paulo huyohuyo anayejiita mdogo wa mitume, halafu hapohapo, 1 Wakorintho 15:10, anasema amefanya kazi kuliko wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami". Mtu wa kwetu angeishia kwenye "mimi mdogo", akakaa. Na tazameni Yohana 13: kabla Yesu hajajifunga kitambaa kuwaosha miguu, Yohana anaandika kwanza kwamba alijua Baba amempa vyote mikononi mwake. Aliyeinama pale alikuwa anajijua.

Bibi Tanga
Wanangu, na mtu akikusifu jibu "asante, namshukuru Mungu", basi. Mgeni anasema pilau tamu, wewe unasema "hamna kitu hapo". Umemwambia ulimi wake mbovu!

Kidato cha Sita
Shikamooni. Jumapili hii nimepangiwa kutoa ushuhuda kwenye ibada ya vijana na naogopa sana. Nisaidieni.

Fundi Mwashi
Marahaba mwanangu. Andika mistari mitatu kwenye karatasi: ulikuwa wapi, Mungu alifanya nini, sasa uko wapi. Usiongeze chumvi. Na usianze na "mimi si msemaji", Musa alishaisema hiyo na bado alitumwa.