Nianze na kitabu gani cha falsafa ya Mashariki?

Kijana wa Ujiji: Shikamooni wakubwa. Nimekulia jirani na msikiti, dhikiri ya tarika ya Kadiria ikipenya ukutani hadi kitandani kwangu, na sasa natamani kuisoma elimu ya ndani ya watu wa Mashariki kwa utaratibu. Kitabu nilichonunua kwa muuza mitumba pale Mwanga kinamtaja Buddha, Laozi mwanahekima wa China na Rumi mshairi wa Kiajemi katika ukurasa mmoja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kiingereza nakisoma, shida ni fedha.

Msomaji wa Isevya, Tabora: Kitabu hicho kiweke kando. Anza na Dhammapada, mafundisho ya Buddha kwa beti 423 katika sura 26, ambayo tafsiri yake ya zamani ya Max Müller inapatikana bure mtandaoni. Kisha usome Tao Te Ching inayonasibishwa na Laozi: sura zake 81 ni fupi kiasi kwamba utazimaliza kabla treni ya kutoka Kigoma haijaingia Tabora, ingawa kuzielewa ni safari nyingine. Sura ya 11 inaeleza kwamba mfinyanzi hufinyanga udongo, lakini kinachotufaa katika chombo ni uwazi wake wa ndani. Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kuutazama mtungi wa maji uliopo jikoni kwetu, ambao nimeuchotea miaka yote bila kuufikiria.

Mama wa Gungu: Mwanangu, mimi ningeanza na kile ulichokuwa ukikisikia ukutani. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, aliacha kufundisha Baghdad mwaka 1095, baada ya ulimi kumgomea darasani kwa msukosuko wa nafsi, na habari hiyo ameisimulia mwenyewe katika Al-Munqidh min al-Dalal, kitabu chembamba kisichomchosha msomaji. Rumi aje baadaye, tena kwa tahadhari, kwa sababu baadhi ya matoleo ya Kiingereza yanayopendwa sana yamepunguza Kurani na Mtume katika mashairi yake, yakambakiza mtu wa mapenzi tu. Tafuta tafsiri ya Masnavi, utungo mkuu wa Rumi, iliyofanywa na R. A. Nicholson, ambaye Kiajemi alikijua. Na usiidharau Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Kiswahili ambamo mshairi anausuta moyo wake mbele ya magofu ya mji wa Pate. Hiyo haihitaji mfasiri, japo Kiswahili chake cha kale kitakutoa jasho.

Mpita Njia, Tabora: Ongeza Bhagavad Gita, kitabu kitukufu cha Wahindu, sura 18. Ila jua kwanza kwamba imo ndani ya Mahabharata, utenzi mrefu wa vita wa Kihindi, vinginevyo hutaelewa kwa nini shujaa Arjuna anauweka upinde chini anapowaona babu yake na walimu wake upande wa pili wa vita.

Kijana wa Ujiji: Ahsanteni sana. Nitaanza na Al-Ghazali, kisha Dhammapada. Mama, Al-Inkishafi unayo niazime?

Mama wa Gungu: Ninayo, jalada limeng'oka. Njoo baada ya alasiri, na usinikunjie kurasa.