Kondoo dume wa mbegu: nifuate takwimu za kijenetiki au umbo?

Swali
Ndugu wafugaji, naomba ushauri. Nimeletewa karatasi ya makadirio ya thamani ya kijenetiki, yaani namba zinazokadiria ubora wa jeni za mnyama ukilinganishwa na kiwango cha msingi kinachohesabiwa sifuri, ya madume wawili wa mbari moja, waliokulia katika kundi moja. Wa kwanza ni mkubwa na mgongo wake umejaa, lakini kwa uzito wa kuachishwa kunyonya ameandikiwa kilo +2. Wa pili alizaliwa pacha, umbo lake ni dogo, ila ana +6. Isitoshe, kwenye idadi ya mayai ya minyoo katika kinyesi ana alama ya kutoa (−), nami sijui kama hiyo ni dosari. Nimchague yupi?

Jibu la kwanza
Ukubwa unaouona umetokana na jeni pamoja na malezi. Mwanakondoo aliyezaliwa peke yake hunyonya maziwa yote ya mama yake, ilhali pacha hugawana, na iwapo mama huyo ni jike mchanga maziwa yenyewe huwa haba. Makadirio hupatikana kwa kumlinganisha kila mwanakondoo na wenzake wa msimu mmoja waliolishwa pamoja, kwa kuzingatia kama alizaliwa pacha na umri wa mama yake, kisha huongezwa vipimo vya wazazi na ndugu zake. Kwa hiyo mdogo kumpita mkubwa kwenye karatasi si jambo la ajabu.

Hata hivyo, usitarajie kilo 6. Dume huchangia nusu tu ya jeni za mtoto, hivyo pengo la kilo 4 kati ya madume hao litakuwa wastani wa kilo 2 kwa watoto wao, endapo majike na malisho ni yale yale. Kwangu mimi hizo si haba. Kuhusu minyoo, alama ya kutoa ndiyo unayoitaka: watoto wake wanatarajiwa kutoa mayai machache zaidi kwenye kinyesi.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila muulizaji hajataja kiwango cha uhakika, yaani asilimia inayoonyesha makadirio hayo yanaaminika kiasi gani. Dume ambaye watoto wake hawajapimwa anaweza kupanda au kushuka baadaye. Tazama pia uzito wa kuzaliwa, kwani ukuaji wa haraka mara nyingi huandamana na wanakondoo wakubwa tumboni, na majike wanaozaa mara ya kwanza ndio hutaabika. Tena, kama karatasi zinatoka mifumo tofauti ya makadirio ya kondoo, takwimu za LAMBPLAN ya Australia usizilinganishe moja kwa moja na za Signet ya Uingereza, kwa sababu sifuri ya kila mfumo ina msingi wake.

Muulizaji
Nashukuru. Uhakika wao umekaribiana, asilimia 58 na 61, na uzito wa kuzaliwa hautofautiani. Je, umbo nilipuuze?

Jibu la tatu
Hapana, ila umbo lije baada ya takwimu, nalo litazamwe kwa sababu maalumu. Fungua mdomo uone kama meno ya mbele ya chini yanakutana vizuri na ufizi wa juu. Kagua kwato na mwendo. Kisha papasa korodani: ziwe mbili, zilingane, ziwe imara bila kuwa ngumu kama jiwe, na upande wa chini kusiwe na uvimbe, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kuwa dalili ya brusela, ugonjwa wa bakteria unaodhuru uzazi. Mgongo uliojaa mara nyingi ni pumba tu alizolishwa kabla ya kuuzwa. Huyo pacha akipita ukaguzi huo, mchukue yeye.