Tupeane uzoefu: siku safari ya wageni ilipogeuka, Lamu na Malindi

MwanaAmu
Asalaam aleikum ndugu zangu. Leo mchana nimeona picha imesambazwa: familia nzima imekaa ukingoni mwa mashua, migongo imeelekea majini, wako nje kabisa ya mlango wa bahari wa Shela, na upepo huu wa Kusi unavyovuma. Hakuna hata mmoja aliyevaa laifujaketi. Chini ya picha watu wanauliza bei tu. Moyo umenienda mbio.

Wageni wakiuliza kama huku ni salama, huwa wanaulizia bunduki. Hakuna anayeulizia maji. Naomba tukusanye hapa. Wewe unayeishi huku, au uliyewahi kuleta watu huku, ni siku gani safari ilikugeukia? Baharini, mbugani, barabarani, popote. Atakayekuja Desemba asome kwanza.

BintiLangoni
Kweli kabisa. Mama mmoja aliniuliza habari za Al-Shabaab huku anashuka ngazi za gati maji yamepwa, mtoto mkono huu, simu mkono ule. Zile ngazi za chini zina ukoga. Nilimshika kiuno bila kumwomba ruhusa.

KijanaMaweni
Kwetu Malindi tatizo si maji, ni watu. Shemeji yangu alilipa kishanzu, malipo ya awali, cha safari ya Tsavo kwa kijana wa bichi, risiti imeandikwa kwa kalamu, mhuri upo. Asubuhi tukasimama barabarani na mabegi na maji ya kunywa hadi jua likapanda. Gari halikuja, simu imezimwa. Watoto walilia. Msilipe chochote mchangani.

Kapteni_wa_Bichi
@KijanaMaweni pole kwa shemeji, lakini usitutie wote kapu moja. Mimi nimesomesha wadogo zangu kwa kazi hiyo ya bichi. Nina beji na nina chama. Mgeni akikatwa na matumbawe, ni sisi tunaombeba mpaka barabarani.

KijanaMaweni
Sikusema wote.

Kapteni_wa_Bichi
Umesema "msilipe chochote mchangani". Mimi nafanya kazi wapi, hewani?

MamaZuhura
Nyinyi wawili mtaumizana. Lipeni nusu, gari mlione kwa macho, namba mpige picha. Basi.

DerevaWaSala
Niongeze ya mbugani. Kutoka Malindi mpaka lango la Sala ni zaidi ya kilomita 100. Ondokeni saa kumi alfajiri, mkichelewa mnaingia Tsavo Mashariki jua limekaza na wanyama wamelala vivulini. Malipo ya lango siku hizi si pesa taslimu, malizeni kwa simu mkiwa bado mjini kwenye mtandao, maana njiani hupotea. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mbugani tangu Juni 2020. Bado watu wanakuja na katoni nzima.

Siku iliyonikaa ni ya ndovu jike mwenye ndama, karibu na mto Galana. Ametoka kichakani, mwekundu wote kwa ule udongo wa Tsavo, masikio ameyafungua. Abiria wangu mmoja akasimama dirishani kupiga picha akiwa na taa ya kamera. Yule mama akaja. Nilirudi nyuma polepole, injini inanguruma chini, sikupiga honi, mpaka akasimama. Ukikutana naye usizime injini.

Mlinzi_mstaafu
Mimi nasema zima. Akikuzoea atapita zake. Mlio ndio unaomkera.

DerevaWaSala
Mzee wangu, heshima yako, lakini ukiizima na isiwake tena?

Mlinzi_mstaafu
Basi kodi gari zima.

AbuSwaleh
Naandika kwa sababu ya hiyo picha ya juu. Nimewahi kuwa ndani ya mashua kama hiyo, pahala hapo hapo.

Ilikuwa Julai. Binamu yangu alikuja likizo kutoka Eldoret na mkewe na watoto. Nilipendekeza twende upande wa ndani, tupite mikoko ya kisiwa cha Manda, maji huko ni matulivu. Yeye alitaka jua likitua na bahari kuu mbele yake. Kijana aliyetupakia hakuwa mtu wa kwetu na mashua haikuwa yake. Niliuliza laifujaketi ziko wapi, akasema ziko chini ya ubao wa tezi, huko nyuma ya mashua.

Mnaoujua mlango ule mnajua saa yake mbaya ni maji yakipwa. Maji yote ya mkondo wa Lamu yanatoka kwa nguvu, na Kusi inavuma kuingia. Yakikutana, wimbi husimama wima, tena hupandana moja juu ya lingine bila nafasi. Tulipoipita Ras Kitau, ncha ya Manda, nikaona weupe mbele. Nikamwambia, geuza turudi. Akanijibu, bado kidogo wapate picha.

Alipogeuza, upepo ulilipiga tanga kwa upande wa pili na foromali, ule mti unaobeba tanga, ikakatika. Mlio wake kama wa bunduki. Tanga lote likatuangukia, limelowa, zito, na wimbi la kwanza likaingia ubavuni. Nilipotoa kichwa nikahesabu watu. Msichana mdogo hayupo. Mtoto wa miaka kenda yuko chini ya tanga na sisikii sauti yake. Mamake anaita jina lake, hasemi neno jingine.

Kulikuwa na kisu cha kukatia chambo. Nilikata kamba, nikaingia chini, nikashika nguo, nikavuta. Alikuwa anapumua. Nikampa mamake, nikaenda kwenye ule ubao wa tezi. Dumu la mafuta na nyavu kuukuu. Laifujaketi hakuna hata moja.

Tukafua maji, kuyatoa mashuani. Ndoo moja, sufuria moja, binamu yangu anafua kwa kiatu. Injini hakuna. Mkondo unatutoa nje na giza linaingia, taa za Shela tunaziona lakini kila tukitazama zimezidi kuwa ndogo. Waliotuona ni wavuvi wawili waliokuwa wanarudi na boti. Hawakuweza kusogea karibu, tungegongana tukapasuka wote. Wakatupa kamba, ikakosa. Wakatupa tena, ikakosa. Yule mdogo wao akaiuma kamba kwa meno akajitosa. Ndani ya maji yale! Alipotufikia hakuweza kusema, alinyoosha mkono tu.

Wametuvuta mpaka Shela, usiku. Walikataa pesa, wakachukua ya petroli waliyounguza. Yule kijana mwenye kutupakia alikaa mchangani analia na sikuwa na neno la kumwambia. Msichana yuko sekondari sasa.

BintiLangoni
Subhanallah. Nimesoma nimesimama.

MamaZuhura
Mungu awaweke wavuvi wale.

Fundi_Matondoni
Foromali haikatiki hivi hivi. Ilikuwa imeoza au imeungwa vibaya. Mashua ya watalii hupakwa rangi kila msimu, na rangi hufunika mengi. Kabla hujapanda, tazama pale foromali inapofungwa mlingotini.

Kapteni_wa_Bichi
Taja jina la mwenye mashua, watu wajihadhari.

AbuSwaleh
Sitaji. Nilimfuata mimi mwenyewe na wazee wawili, tukamalizana.

KijanaMaweni
Hapo sikubaliani nawe. Mkimalizana nyinyi, anayekuja kesho atajuaje?

Fundi_Matondoni
Mashua ile ilivutwa juu, haikurudi majini. Naijua.

Mkaazi_wa_Nairobi
Poleni, lakini tusijifiche kwenye maji. Mwaka 2011 mgeni mmoja alitekwa Kiwayu mwezi wa Septemba na mumewe akauawa, Oktoba akatekwa mwingine Manda. Mashambulizi ya Mpeketoni yalikuwa Juni 2014. Mtu akiulizia bunduki ana haki.

MwanaAmu
Ana haki, wala hatujasahau. Sisi ndio tuliobaki, hoteli zilifungwa, wavuvi walikatazwa kuvua usiku, baharia mwenye watoto sita akawa anauza chapati. Lakini mji wa Lamu na Shela si msitu wa Boni. Mgeni aambiwe hivyo waziwazi: kisiwani tembea, na huko bara kuelekea mpaka wa Somalia usiende kwa kujaribu. Anayekuja kwa basi kupitia Garsen na Witu asafiri mchana, kitambulisho kiwe mfukoni, vizuizini hushuka abiria wote. Ukifika Mokowe unavuka kwa boti hadi kisiwani.

Mkaazi_wa_Nairobi
Hilo nimelikubali.

Nuru_Watamu
Jamani mbona hakuna aliyetaja wale viumbe weusi wa miba wa kwenye matumbawe? Mimi nilikanyaga, miba ikaingia unyayoni. Maziwa ya papai bichi, ikatoka yenyewe.

Kapteni_wa_Bichi
Papai kweli.

DaktariMtarajiwa
Maji moto kwanza, kisha kituo cha afya kama imeingia ndani sana. Papai lileni. Na malaria isisahaulike, pwani yote hii ina mbu. Dawa za kinga waanze kabla ya kuja, chandarua washushe jua likizama.

Nuru_Watamu
Na anayetaka kuona samaki kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi aje msimu wa upepo wa Kaskazi, Novemba mpaka Machi. Msimu wa mvua mto Sabaki unamwaga tope, maji yanakuwa rangi ya chai. Watu wanalipa, wanavaa miwani, wanaona kahawia. Inaniuma sana, maana hifadhi ile iko tangu 1968 na ni nzuri mno ikiwa safi.

BintiLangoni
Na wavae kanga wakitoka bichi kuingia vichochoroni. Watoto wanakwenda madrasa.

Msafiri_Voi
Wageni wanaleta pesa, waacheni wavae watakavyo.

BintiLangoni
Kwako Voi waache. Amu, yaani Lamu, nyumba zinatazamana mlango kwa mlango, bibi yangu yuko barazani. Kanga ni bei ndogo, hata mimi nampa mtu yangu.

Msafiri_Voi
Haya dada, sijakataa. Mimi mwenyewe nakuja na wazazi mwisho wa Agosti. Baba anataka mashua. Sasa nimeogopa.

AbuSwaleh
Usiogope, mlete. Agosti bado Kusi, kwa hiyo usitoke mlangoni hata ukiambiwa leo pametulia. Mpeleke Takwa upande wa Manda, mji wa kale wenye msikiti na kaburi la mnara. Mfereji wa mikoko wa kuingilia hupitika maji yakijaa tu. Muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Asipokujibu papo hapo, tafuta mwingine. Na laifujaketi mzee aivae kabla hajakaa.

Fundi_Matondoni
Njooni na kwetu Matondoni muone mashua zikiundwa. Nitamwonyesha mzee foromali nzima na mbovu.

Msafiri_Voi
Nimeshaandika yote. Yeye ana miaka 71, ataweza kushuka zile ngazi za gati?

BintiLangoni
Fikeni maji yakiwa juu, mtashuka ngazi mbili tatu tu. Nitumie ujumbe mkikaribia Mokowe, nitakuja na kaka yangu tumshike.